Molasi Ndani ya Tangi

Mtaani walimwita Mama Sabuni, na wachache waliowahi kulijua jina lake la kuzaliwa walikuwa wamelisahau. Kazi aliirithi kwa mama yake, pamoja na masufuria mawili makubwa na mwiko mrefu kama kasia. Kovu la kostiki, yale magadi makali ya kuchemshia sabuni, kwenye kiganja cha kushoto alijipatia mwenyewe, siku ya kwanza aliyojifanya fundi.

Nyuma ya nyumba palikuwa na mafiga, kalibu za mbao za kugandishia sabuni zilizopangwa kando ya ukuta, na waya wa kukatia vipande uliofungwa vishikio viwili. Mafuta yalichemshwa na kostiki, yakakorogwa mpaka yakawa mazito kama uji uliosahauliwa jikoni, kisha chumvi ikamwagwa. Hapo sabuni ilipanda juu, na chini yakabaki maji ya rangi ya chai, yenye kunata. Mama yake aliyaita maji ya chini, naye akaendelea kuyaita hivyo. Aliyamwaga kwenye shimo nyuma ya uzio, mahali ambapo hata jani la magugu halikuthubutu kuota.

Mama yake alifariki akimzaa mtoto wa mwisho. Mama Sabuni wakati huo alikuwa msichana wa shule, na hakurudi tena shuleni. Ndugu walipokuja kumchukua kichanga, aliwajibu kwa kifupi kwamba nyumba hiyo imeshatoa mtu mmoja na haitoi wa pili. Alimfunga mtoto mgongoni, akashika mwiko. Wakamwita Kitinda, kwa kuwa alikuwa kitindamimba, na jina likamganda. Alipoanza kusema, neno lake la kwanza kwa dada yake lilikuwa "Mama". Dada hakumsahihisha.

Watu hawaishi maneno. Kuna mchuuzi mmoja aliyewahi kumwangalia Kitinda akitambaa kati ya kalibu, akanong'ona, "Ndiye huyo aliyemla mama yake?" Mama Sabuni alimtimua na mwiko hadi barabarani, povu likidondoka njiani, na mchuuzi akakosa mzigo wake wa sabuni moja kwa moja. Tangu hapo ilijulikana: kwenye uwanja ule unaweza kusema lolote, ukamtukana hata mwenye nyumba, lakini hilo hulisemi.

Baadaye aliolewa na mfuga ng'ombe wa maziwa, mtu mpole mwenye mizaha, ambaye alihamishia mifugo yake kwenye banda la nyuma. Hawakujaliwa mtoto. Kitinda akawa mtoto wao wa pekee, akasomeshwa hadi chuo, na huko akachagua kusomea vijidudu.

"Vijidudu?" mume aliuliza siku aliyowapa habari. "Shemeji, hapa tunatengeneza sabuni ya kuviua, wewe unakwenda kuvisomea? Unataka tufe njaa?"

Kitinda alicheka mpaka akashika ukuta.

Alipohitimu alirudi nyumbani. Kazi alikuwa ameahidiwa mahali mbali, kwenye mitambo ya kusafisha majitaka ya mji mwingine, lakini hakuwa na hamu nayo. Alikuwa na jambo lake. Siku chache baada ya kufika alisimama kando ya lile shimo, mikono kiunoni, akamwita dada yake.

"Mama, unajua unamwaga nini hapa?"

"Uchafu."

"Unamwaga chakula. Mafuta ukiyavunja kwa kostiki unapata vitu viwili, sabuni na glisirini. Sabuni unauza. Glisirini unaitupa."

"Basi tuiuze."

"Imechanganyika mno na chumvi, hakuna atakayeinunua. Lakini wapo watakaoila. Bakteria. Wakiwa ndani ya tangi lililofungwa, pasipo hewa, wanaivunjavunja mpaka mwisho wake inakuwa gesi ya kuwaka. Utachemshia sabuni yako, uache kununua kuni."

Mama Sabuni hakuamini hata robo, ila aliupenda ule uso wa Kitinda ulivyokuwa uking'aa. Akaita mwashi. Tangi likajengwa kwa matofali, nusu yake ardhini, likafunikwa kwa kuba juu, likatolewa bomba la kwenda jikoni na mdomo wa kumiminia. Mbegu ya bakteria ilitoka kwenye samadi ya ng'ombe wa shemeji, ikakorogwa na maji.

"Nilikuwa nafuga wenye pembe," mume alisema akimimina ndoo, "sasa nafuga wasioonekana. Wakiibiwa, nikaripoti nini?"

Kitinda mwenyewe ndiye aliyeyaandaa maji ya chini. Aliyapunguza ukali wa kostiki kwa tindikali, akayapima kwa vijikaratasi vyake vinavyobadilika rangi, kisha akayazimua ili chumvi isiwaue wateja wake. Akawapa kidogo kidogo. Akamwomba kila mtu jambo moja tu: asiongeze kitu.

Wiki zikapita, jiko likabaki baridi.

"Vipi, wamelala?" Mama Sabuni aliuliza. Alikuwa akikata vipande, waya ukipita kwenye sabuni kwa ule mlio wake mnyonge.

"Hawajalala, wanajitayarisha." Kitinda aliketi juu ya kalibu tupu, akaeleza kwa mikono kama kawaida yake. "Sikiliza, Mama. Bakteria habebi vifaa vyote kila wakati, vingemlemea. Ana jeni, ni kama maagizo ya kutengeneza vifaa. Vifaa vyenyewe ni vimeng'enya, kila kimoja na kazi yake. Sasa jeni za glisirini kwa kawaida zimefungwa. Kuna protini imekaa juu yake, tunaiita mzuiaji, maagizo yasisomwe bure. Glisirini ikiingia, kimeng'enya kimoja kinaipachika fosfeti, kama kibandiko. Ile iliyopachikwa ndiyo inayomshika mzuiaji na kumbandua. Akibanduka, maagizo yanasomwa, vimeng'enya vinatengenezwa kwa wingi, na glisirini inaanza kuliwa barabara. Umenielewa?"

"Ehee," alisema Mama Sabuni. Kichwani alikuwa akipanga kalibu zipi zitangulie kukauka, kwa maana mawingu yalikuwa yametanda.

Ile "ehee" aliikumbuka miaka mingi baadaye, na kila mara ilimchoma. Angeweka waya chini. Angeuliza swali moja tu.

Jioni moja, akimsaidia mumewe bandani, alimwona ng'ombe mmoja mgonjwa akigeuza shingo kila akipewa majani. Mume hakuhangaika. Alichota molasi, ile asali nyeusi ya miwa, kwenye pipa, akanyunyizia majani, na ng'ombe akaanza kulamba, kisha kutafuna.

"Kiumbe akigoma kula," mume alisema, "mshawishi kwa utamu. Hata mimi ulinipata hivyohivyo."

Walicheka. Lakini neno lilimwingia. Kesho yake, Kitinda alipokwenda kununua vifaa, Mama Sabuni alichota kopo la molasi, akalizimua kwa maji, akalimimina kwenye mdomo wa tangi. Alifanya kwa huruma, kama mtu anayemwongezea mtoto sukari kwenye dawa.

Tangi likaanza kutoa mapovu! Alisikia mwenyewe ile mibubujiko, akainama akaweka sikio juu ya kuba, akatabasamu peke yake. Siku iliyofuata akaongeza kopo jingine, na jingine. Molasi ni chakula, alijiambia, si kitu.

Kitinda naye alisikia mibubujiko, akaruka kwa furaha, akakimbilia jikoni na kiberiti. Akafungua bomba, akasogeza njiti. Njiti ikazimika. Akawasha nyingine, ikazimika pia, kana kwamba mtu ameipuliza.

"Hii si gesi ya kuwaka," alisema polepole. Alichota maji ya tangi, akachovya kijikaratasi, kikageuka chekundu. "Imekuwa tindikali. Mama, kuna kitu kimeongezwa?"

"Kitu gani tena? Si hayo maji ya chini."

Jibu lilimtoka upesi, kabla hajalipima. Angeweza kulirudisha palepale, lakini Kitinda alikuwa ameshainamia vitabu vyake, akijilaumu. Alikagua hesabu zake za chumvi upya. Alianza kula chakula kikiwa kimepoa. Mama Sabuni alimwona, akakwepa kumtazama, na ile aibu yake ndogo ikageuka kuwa hasira. Ndivyo ilivyo: uliyemkosea ukimwona anahangaika, unaanza kumchukia kwa kuhangaika kwake.

Kisha harufu ikaja. Haikuwa harufu ya samadi, ambayo mtaa ulishaizoea. Ilikuwa uvundo mkali, wenye uchachu, unaokaa nyuma ya koo. Ulipita uzio, ukaingia kwa jirani yao, fundi cherehani, mwanamke aliyeshona nguo za maharusi na aliyekuwa na ulimi mkali kuliko mkasi wake.

Alifika asubuhi wakati uwanja umejaa wachuuzi waliokuja kuchukua mizigo. Mikononi alibeba gauni jeupe la harusi, amelikunja kama mtoto mgonjwa. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa Mama Sabuni, akamsogezea gauni puani.

"Nusa."

"Jirani, ngoja tuzungumze..."

"Nusa, nimesema! Bwana harusi akimkumbatia mkewe atadhani ameoa banda. Wewe si ndiye unayetuuzia usafi? Usafi wenyewe ndio huu?"

Wachuuzi waliangua kicheko. Mmoja akaziba pua kwa mzaha, mwingine akafuatisha. Mama Sabuni alisimama katikati yao, na uso ukamwaka. Miaka yote ile watu walisema sabuni yake inanukia vizuri kuliko ya kiwandani. Akageuka. Kitinda alikuwa ametokea nyuma ya tangi, glavu mikononi, amechoka, akitaka kuomba radhi.

"Fundi, samahani sana, kosa ni langu, nitalirekebi..."

"Utarekebisha nini?" Mama Sabuni alipaza sauti. "Miaka yote ya chuo umejifunza kuchachusha mavi? Nimekulea kwa mikono hii, malipo yangu ni uvundo?" Bado angeweza kunyamaza hapo. Watu hugombana, kesho wakala pamoja. Lakini ulimi ulikuwa umeshika njia. "Mama alikufa akikuzaa wewe. Kwa haya?"

Mchuuzi aliyeziba pua aliushusha mkono. Hata fundi cherehani aliliteremsha gauni.

Kitinda hakulia. Alivua glavu moja, akavua ya pili, akaziweka juu ya kuba. Alikwenda kwenye bomba la maji, akachukua kipande cha sabuni kilichokuwa pale, akanawa mikono yake taratibu, hadi viwikoni. Kisha akasema, "Asante, dada."

Dada. Hakuwahi kumwita hivyo.

Mchana huohuo alifunga mizigo yake. Mama Sabuni alikuwa chumbani, ameketi kitandani, anasikia kila hatua sebuleni. Alijiambia kwamba Kitinda akifika mlangoni atamwita. Kitinda alifika mlangoni. Mama Sabuni alibaki kitandani. Alimsikia tu nje akizungumza na mume, kisha geti likafungwa.

Mume aliingia baadaye, kofia mkononi.

"Ameniachia maagizo ya lile tangi," alisema. "Nitie chokaa kidogo kupunguza uchachu, nisiongeze kitu kingine chochote, niwaache watulie."

"Amekuachia maagizo?"

"Ndiyo. Akanieleza mara mbili, nisije nikakosea."

Mama Sabuni alijilaza akaugeukia ukuta.

Alitaka tangi livunjwe. Mwashi aliahidi kuja, akawa kama mwashi yeyote, leo kesho, kesho leo. Hapo katikati mume alitia chokaa kama alivyoelezwa, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na moyo wa kulisogelea tangi, molasi haikuongezwa tena. Harufu ilipungua, ikaisha. Kisha siku moja mume aliingia jikoni, akafungua bomba kwa udadisi, akawasha njiti. Moto ukashika. Ulikuwa wa buluu, mtulivu, karibu usionekane kwa mwanga wa mchana.

"Mke wangu!" aliita. "Njoo uone wale wasioonekana!"

Alikuja, akautazama. Mume alidhani atafurahi. Badala yake alivuta kigoda, akaketi mbele ya jiko na kufunika uso kwa kitenge.

Ilimchukua siku kadhaa kupata ujasiri wa kupiga simu. Kitinda alikuwa ameshaanza kazi kwenye mji ule mwingine. Sauti yake ilikuwa na adabu, adabu ile ya kuzungumza na mtu wa ofisini.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kitinda... jiko linawaka."

"Kweli? Moto wa rangi gani?"

"Buluu."

"Ah." Alisikika akipumua. "Nilijua watafanya. Sikuelewa tu walikwama wapi."

Mama Sabuni alifumba macho. "Niliwapa molasi. Ng'ombe wa shemeji yako aligoma kula, akapewa molasi akala, nami nikadhani... Ulipouliza, nikakuficha."

Alingoja matusi, angeyapokea kwa shukrani. Badala yake Kitinda akaanza kueleza, polepole, kama mtu anayepata hatimaye jibu la swali lililomnyima usingizi.

"Basi ndiyo hiyo. Sukari ikiwepo, hawagusi glisirini. Unakumbuka kile kimeng'enya kinachoipachika fosfeti? Sukari inapoingia, inakifunga breki. Glisirini haipachikwi chochote. Isipopachikwa, hakuna wa kumbandua mzuiaji. Asipobanduka, jeni hazisomwi, vifaa havitengenezwi. Na ile sukari wanaila kwa pupa, wanatoa tindikali nyingi kwa mara moja, wale wanaotengeneza gesi ya kuwaka wanashindwa kuivumilia. Mapovu uliyosikia yalikuwa hewa ya kuzima moto tu. Walihitaji kuachwa, dada. Sukari iishe, uchachu upungue."

"Kumbe hukukosea popote."

"Sikukosea."

"Kitinda, yale niliyosema siku ile..."

"Dada." Sauti haikuwa na hasira. "Ya tangi tumeyamaliza. Yale mengine usiyaguse, tafadhali. Nikiwa tayari nitakwambia."

Hakuwa tayari mwaka ule, wala uliofuata. Jiko liliendelea kuwaka. Mafiga yalibomolewa, moshi ukaacha kumliza macho, na watengenezaji wengine wa sabuni wakaja kuangalia tangi. Fundi cherehani mwenyewe aliwaleta wateja wake kulionyesha, akijisifu kana kwamba alilijenga. Kila aliyeuliza aliambiwa, "Ni kazi ya mdogo wangu." Wakiuliza yuko wapi, mume ndiye aliyejibu.

Mama Sabuni aliwahi kumfuata Kitinda. Alipanda basi na mzigo wa sabuni, akamkuta kwenye maabara yenye madirisha makubwa. Kitinda alimpokea vizuri, akamtambulisha kwa wenzake: "Dada yangu mkubwa." Alimwekea kiti mbele ya hadubini, akamwonyesha bakteria, vijiti vidogo vinavyocheza kwenye mwanga. Mama Sabuni aliwatazama muda mrefu, jicho moja limefumbwa, na jicho lile lililokuwa kwenye kioo likajaa maji mpaka asione kitu. Walipokwenda nyumbani kwa Kitinda kula, alijikaza, akasema yote. Akasema hakuna neno alilowahi kulijutia kama lile, wala hana la kujitetea.

Kitinda alimsikiliza, akisukuma wali pembeni mwa sahani.

"Nimekusamehe zamani," alisema. "Sikudanganyi. Lakini lile neno nilikuwa nalisikia tangu mtoto, kwa watu. Shuleni, kisimani, kila mahali. Nikilisikia nilikuwa nasema moyoni, nyumbani kwetu halisemwi. Sasa sina pa kusema hivyo."

Mama Sabuni alikusanya sahani, akaenda kuziosha.

Kitinda aliolewa hukohuko. Aliposhika mimba, habari zilifika kwa mume kwanza. Miezi ile ilikuwa mirefu kwa Mama Sabuni kuliko ujauzito wowote duniani. Yeye peke yake, kati ya wote walio hai, alikuwamo ndani ya chumba kile mama yao alipokuwa akimzaa Kitinda. Alitaka kumpigia amuulize, unaogopa? Alitaka kumwambia, mama aliomba akuone, akakuona, akakushika, alitabasamu. Hakuwahi kumwambia, akingoja akue, kisha akue zaidi. Sasa kulitaja jambo hilo ilikuwa haki aliyoipoteza yeye mwenyewe, mbele ya wachuuzi, kwa ajili ya gauni la mtu.

Aliyekwenda kukaa na Kitinda wakati wa uzazi alikuwa mama mkwe wake. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mwenye sauti. Mama Sabuni alitengeneza sabuni laini isiyo na harufu, akaituma, akaambiwa asante.

Siku hizi wanazungumza karibu kila wiki. Ukiwasikia utadhani ni watu wa maabara moja. Kitinda amehamia kwenye utafiti mpya, na humo ndimo wanamokutana. Juzi alikuwa akimweleza kwamba pasipo hewa kuna bakteria wanaopitisha glisirini njia mbili kwa wakati mmoja: sehemu wanaivunja wapate nguvu, na sehemu nyingine, kwa vimeng'enya tofauti, wanaiondolea maji na kuigeuza kitu kinachotengenezewa nyuzi za nguo.

"Kwa nini wasiile yote kwa njia ya kwanza?" Mama Sabuni aliuliza. Kazi yote alikuwa ameiacha, ameketi, simu sikioni.

"Swali zuri hilo. Kwa sababu ukivunja bila hewa unabaki na mzigo, elektroni za ziada. Huwezi kukaa nazo, ni lazima uzitue mahali. Hiyo njia ya pili ndipo wanapozitua."

"Na wasipopata pa kuzitua?"

"Wanasimama. Hawafi palepale, ila hawaendelei."

Upande wa pili mtoto alianza kulia.

"Analia nini?"

"Usingizi tu. Haya, dada, nitakupigia."

"Nipigie. Hujanieleza hizo jeni zinafunguliwa na nani."

"Nitakueleza," alisema Kitinda. Na kweli siku ya tatu akapiga, wakazungumza glisirini mpaka chaji ikaisha.